Toba ya Tusekile

Damu ilirudi Jumatatu, na Prisca akamwambia binti yake asimwambie mtu.

Tusekile alikuwa amechutama nyuma ya nyumba, anafua. Kanga za mama yake zilikuwa zimeloa hadi maua yake hayaonekani, na kila aliposuuza, maji aliyomwaga kwenye mashina ya migomba yalitoka mekundu vilevile. Prisca alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, midomo imempauka, anachambua mchele kwenye ungo kana kwamba ni asubuhi kama asubuhi nyingine za Busale.

"Mama, Alhamisi ni mbali," Tusekile alisema. "Twende leo."

"Daktari alisema Alhamisi."

"Alisema Alhamisi kama damu itatulia. Ikirudi, alisema tusingoje."

Prisca akapuliza pumba. "Wewe fua."

Daktari alikuwa amewaeleza vizuri. Uvimbe ulioko kwenye kizazi ulikuwa umekua sana, ilibidi kizazi kitolewe, na watafutwe watu wa kuchangia damu kwa sababu ya mgonjwa imepungua mno. Mzee Ezekiel, baba yake Tusekile, alisikiliza yote akiwa amevua kofia, akakubali. Walirudi nyumbani wanajua la kufanya. Ndiyo maana Tusekile hakudhani kuna la kuwazuia alipomwona Naomi anakuja kati ya migomba, bakuli la uji mkononi, limefunikwa kwa kitambaa.

Naomi alikuwa kiongozi wa akina mama pale kanisani, na rafiki wa Prisca tangu walipoletwa Busale wakiwa wake wapya. Tangu ugonjwa uanze hakukosa kuja. Alipika, alifagia, na alimpalilia mwenzake mpunga bila kuombwa.

"Ugonile, mwanangu," alisalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Ndaga, mama."

Naomi akaketi mkekani. Alimtazama Prisca akinywa uji kidogo kidogo, akamngoja aweke bakuli chini.

"Nimeota, Prisca," alisema. "Nimeiota nyumba hii. Taa zinawaka kila chumba, ila kimoja kimefungwa. Humo ndani nakusikia wewe unaomba maji. Nasukuma mlango, haufunguki. Nimeamka jasho linanitoka." Alikikunja kitambaa cha bakuli. "Sijatia kitu mdomoni tangu jana, naomba nielezwe. Nilichopewa ni kwamba kuna mtu wa humu amemfungia Bwana moyo wake. Sijui ni nani. Sijaja kumnyooshea mtu kidole."

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Ndugu zake Tusekile walishaoa na kuolewa huko Mbeya na Tukuyu. Mmoja wa hao watatu alikuwa mzee wa kanisa, wa pili alikuwa mgonjwa mwenyewe. Tusekile aliendelea kusugua kanga pale pale, mahali palipokwisha kutakata.

Prisca akaurudisha ungo mapajani. Mikono yake ilitulia juu ya mchele.

"Basi siendi," alisema. "Siwezi kulala chini ya kisu wakati nyumba yangu haijakaa sawa na Kyala."

Kyala ndilo jina ambalo Tusekile alifundishwa kumwita Mungu kabla hajajua Kiswahili hata kidogo. Alipolisikia siku hiyo, aliacha kusugua.

* * *

Hakuna aliyemkosea Tusekile hadi imani ikamponyoka. Hilo ndilo lingekuwa gumu kumweleza mtu yeyote. Alikuwa mtoto aliyesali kwa sauti kuliko wenzake wote, aliyefunga kula siku za mitihani, aliyepewa darasa la watoto la Jumapili kabla hajamaliza sekondari. Kisha akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa chumba kimoja na Nasma, binti wa mzee Kheri mwenye duka la vitambaa mjini Kyela. Alfajiri Nasma aliamka, akatawadha, akaswali. Tusekile alimtazama kutoka kitandani, akaona uso ule una uhakika uleule alioudhani ni wa kwake peke yake. Akajiuliza: ningezaliwa kwa mzee Kheri, si ningekuwa mimi niliyeinama pale? Na ningekuwa na hakika hivihivi?

Swali hilo halikumwacha. Halikuja na hasira wala msiba. Lilikaa naye miaka, na kila alipotaka kusema "naamini", alijisikia kama mtu anayeapa kwa jambo ambalo hakulishuhudia. Sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, umri unakaribia thelathini, bado anaishi kwa wazazi wake. Jumapili aliwasimulia watoto habari za Yusufu na za Ruthu, kwa sababu zilikuwa hadithi nzuri. Ikifika wakati wa kufunga kwa sala, alimwambia mtoto mmoja aongoze, au aliwaimbisha. Alidhani hakuna aliyegundua.

Baba yake aligundua.

Jioni ya Jumatatu ile Tusekile alimkuta uani, anageuza kakao iliyoanikwa kwenye turubai. Harufu yake ilikuwa kali kama ya siki. Mzee Ezekiel aligeuza kwa viganja, taratibu, bila kuinua uso.

"Meza ya Bwana umeiruka," alisema. "Mara ya kwanza nilidhani tumbo linakusumbua. Mara ya pili ukatoka nje, eti mtoto analia. Hakuna mtoto aliyekuwa analia."

Tusekile alichuchumaa upande wa pili, naye akaanza kugeuza.

"Baba, mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama yupo. Sisemi hayupo. Nikisema yupo nadanganya, na nikisema hayupo nadanganya pia."

Mzee aliendelea kugeuza. Kuku akaparamia ukingo wa turubai, akamfukuza.

"Mchungaji amekufanyia jambo?"

"Hapana."

"Kuna mtu wa kanisani amekutenda?"

"Hakuna, baba." Akamweleza habari ya Nasma, vibaya, kwa maneno yanayojikwaa, akisikia mwenyewe jinsi yanavyosikika madogo.

"Kwa hiyo unataka kusilimu."

"Hapana, baba. Wala."

Ezekiel akakaa chini kabisa, akajifuta viganja kwenye suruali. Kwa muda mrefu alitazama upande wa chumba alimolala mkewe. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Jumatano akina mama wanakuja kuomba. Naomi ataita toba. Utapiga magoti."

"Baba, nidanganye mbele ya Mungu?"

"Si umesema hujui kama yupo?"

Tusekile alimtazama. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno la namna ile, na mzee mwenyewe alionekana kama mtu aliyejichoma na kitu alichokishika mwenyewe. Akainamisha kichwa.

"Kama hayupo, hutakuwa umemdanganya yeyote," alisema. "Na kama yupo, mimi namjua. Nitamwambia dhambi hiyo ni yangu. Mama yako anakwisha, Tusekile. Sema tu maneno."

* * *

Jumatano mchana Prisca hakuweza kutembea mwenyewe kutoka chumbani. Walimbeba hadi sebuleni, wakamlaza kwenye kochi juu ya plastiki iliyofunikwa kwa shuka. Akina mama waliingia mmoja mmoja, wakavua kandambili mlangoni, wakaketi kwenye mikeka. Walikuwa wanawake aliowajua tangu utoto. Wengine aliwafundisha watoto wao kusoma. Waliimba, wakaomba, wakaimba tena, naye Tusekile aliutazama mkono wa mama yake ulioning'inia, kucha zimekuwa nyeupe, akafikiri: waimbe haraka.

Naomi akasimama katikati. "Aliye na mlango uliofungwa, leo na aufungue. Hatumhukumu mtu hapa."

Tusekile alipiga magoti. Sakafu ya saruji ilikuwa na punje za mchele, zikamchoma. Alisikia sauti ikipita chumbani, ile ya watu wanaopata jibu la jambo walilokuwa wanalingoja.

"Ni mimi," alisema. "Natubu."

Mikono ikamjia kichwani na mabegani, mizito, yenye joto. Mama mmoja nyuma yake akauliza kwa upole, "Ni mwanamume, binti yangu? Ndiye aliyekutoa kwa Bwana?"

Wote walikuwa wanasikiliza. Aliona hawana nafasi ya dhambi nyingine. Msichana wa umri wake, asiye na mume, angemwacha Mungu kwa ajili ya nini tena? Akatikisa kichwa kukubali.

"Yuko Kyela mjini?"

"Ndiyo," akasema, na hata dhambi yake akawa amepewa na watu.

Alitumaini yataishia hapo. Alikuwa amejiandalia maneno ya Kiswahili, Kiswahili cha shuleni na cha mikutano, ambacho mtu anaweza kukisema moyo wake ukiwa mbali. Lakini Naomi alichuchumaa mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Omba mwenyewe, mwanangu. Kwa lugha ya nyumbani. Kyala akusikie kama alivyokuwa anakusikia ulipokuwa mdogo."

Tusekile alifumba macho. Akafumbua kinywa, akaliita jina lile, na sala yake ya utotoni ikaja yenyewe, neno likivuta neno, kwa sauti nyembamba ambayo hakuitambua. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyekuwa hana shaka kwamba anasikilizwa. Hapo ndipo Tusekile alipoanza kulia. Alimlilia mtoto yule, maana hakujua alimwacha wapi. Akina mama wakadhani ni Roho, wakapaza nyimbo, na mama mmoja akaanza kupiga makofi.

"Basi," Prisca alisema kutoka kwenye kochi. Alilazimika kulirudia ndipo wakamsikia. "Basi, inatosha. Niitieni bajaji."

* * *

Hospitalini walimpokea palepale na kusema kwamba wamechelewa, ingawa hawakulisema kwa ukali. Wangemtundikia damu kwanza, wampasue asubuhi. Damu ya Tusekile ilichukuliwa, ya mzee ikakataliwa kwa sababu ya umri wake, na akina mama walioongozana nao, walipopimwa, wengi damu zao zenyewe zilikuwa chini. Muuguzi alisema bado haitoshi.

Tusekile akampigia Nasma. Hakueleza mengi, na Nasma hakuuliza. Alikuja na kaka yake, Yasini, wamefunga duka saa za wateja, wakaketi kwenye benchi na kunyoosha mikono. Sindano ilipoingia, Nasma alisema bismillahi kwa sauti ya chini, akafumba macho. Tusekile alimwonea wivu.

Kulipokucha mgonjwa aliingizwa chumba cha upasuaji. Mlango ulikuwa wa rangi ya majani, umechubuka pale vitanda vinapougonga. Upande mmoja wa ukumbi Naomi na mzee Ezekiel walikuwa wameinamisha vichwa, midomo yao inacheza. Upande wa pili Nasma alikuwa anavuta tasbihi ndani ya mtandio.

"Bado hujui?" Nasma alimuuliza. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameambiwa tangu zamani.

"Bado."

"Basi mimi nitamwombea mama. Wewe kaa tu hapa."

Alikaa. Midomo yake ilitaka kusema kitu, akaifunga. Kila aliyekuwa pale alikuwa na mahali pa kuipeleka hofu yake, akaiweka, akapumua. Yake ilibaki kifuani, ikizunguka. Aliwaza kwamba mama akifa, Naomi atasema toba haikuwa ya kweli, na itakuwa kweli haikuwa ya kweli. Na mama akipona, watasema ni toba. Aliutazama mlango ule hadi mchubuko wake wote akaujua.

Daktari alitoka, barakoa imeshuka shingoni, amechoka. "Yuko salama," alisema. "Kwa kweli mngengoja siku moja zaidi, nisingekuwa na la kuwaambia."

Naomi akapiga magoti sakafuni kushukuru. Mzee Ezekiel alisogea ukutani, akakaa vibaya kwenye benchi, akajifunika uso kwa kofia yake.

* * *

Ibada ya shukrani ilikuwa Jumapili baada ya Prisca kuruhusiwa. Yeye mwenyewe alikuwa bado amelala nyumbani. Kanisa lilijaa hadi vijana wakasimama madirishani, kwa sababu habari ya ndoto ya Naomi na toba ya mwalimu Tusekile ilikuwa imefika hadi Ngana. Mchungaji Hezroni, kijana mpole aliyehamia hivi karibuni, akamwita mbele atoe ushuhuda.

Usiku kucha alikuwa amejiambia atasema machache na kukaa. Alishika kipaza sauti, nacho kikapiga mluzi, akakisogeza.

"Namshukuru daktari," alisema. "Nawashukuru wauguzi. Nawashukuru akina mama, mama Naomi hasa, aliyemlisha mama yangu kwa mkono wake. Na damu iliyoingia mwilini mwa mama ni ya Nasma binti Kheri, wa pale sokoni, na kaka yake Yasini. Nao nawashukuru."

Watu wakanong'ona. Ilisikika "amina" moja, ya kuchelewa.

"Na Bwana, mwalimu?" Mchungaji alimkumbusha, akitabasamu.

Kwenye mabenchi ya mbele watoto wa darasa lake walikuwa wamemkazia macho. Baba yake alikuwa miongoni mwa wazee, koti la bluu, mikono magotini. Tusekile aliona angeweza kulisema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lisingemgharimu kitu, isipokuwa kwamba wiki ijayo angelisema tena, na wiki ile nyingine, mpaka mwisho wa maisha yake, mbele ya watoto wale.

"Mchungaji, siku ile nilitubu ili mama aende hospitali," alisema. "Hakuna mwanamume yeyote Kyela. Mambo ya Mungu mimi sijui. Sisemi hayupo. Nilidhani labda nitaamka siku moja ninajua, lakini bado. Naomba mnisamehe kwa kuwadanganya."

Akakiweka kipaza sauti mezani, na mgongano wake ukasikika kanisa zima. Kisha, kwa kuwa hakujua aketi wapi, akatoka nje.

* * *

Wazee walikaa kikao wiki hiyohiyo. Baba yake alirudi, akasimama mlangoni mwa jikoni bila kuingia.

"Darasa la watoto atapewa mwingine," alisema. "Na Meza ya Bwana, mpaka mchungaji atakapoona."

"Sawa, baba."

"Walipouliza nani anakubali, nilinyoosha mkono na wenzangu." Alingoja kama mtu anayetaka kutukanwa. Tusekile akasukuma kuni motoni. Mzee akaenda kwenye kakao yake.

Wanawake aliokutana nao njiani waliitikia salamu na kupita. Shuleni mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake akae darasa la jirani. Lakini lililomuuma kuliko yote lilikuwa nyumbani: Naomi hakuja tena. Siku zilipita, uji haukuletwa, na Prisca, aliyekuwa hajaruhusiwa hata kuinua ndoo, alikuwa akikaa barazani anatazama njia.

"Naomi hajaja," alisema asubuhi moja.

"Ni kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Ni kwa ajili yako."

Tusekile alikuwa anamfunga kanga tumboni, mbali na kidonda. Alikaza fundo, akabaki ameishika ncha. "Mama, nilikudanganya siku ile."

"Hukunidanganya. Nimekuzaa mimi. Nilikuona pale chini, nikajua huyu anasema alichoambiwa."

"Na ukaenda?"

"Ulitaka nifanyeje?" Prisca aliongea polepole, akipumzika katikati ya maneno. "Naomi ameota. Akina mama wamefunga kula kwa ajili yangu. Ningekwenda kabla, nikafia kule, wangesema nilimdharau Kyala, na baba yako angezeeka na maneno hayo. Wewe ulidhani nakungoja utubu. Mimi nilikuwa nawangoja wao waniachie niende."

Tusekile alitaka kukasirika, akashindwa kujua amkasirikie nani. "Kwa hiyo hata wewe huamini?"

"Nani kasema?" Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali sauti ya mama ilikuwa na nguvu. "Namwamini. Nilimwamini palepale nilipokuwa nanyamaza. Na inaniuma, Tusekile. Naogopa nitafika kule nikutafute, nisikuone. Nikifikiri hivyo sipati usingizi."

"Sijui niseme nini, mama."

"Najua hujui. Umeshatuambia, kanisa zima." Akanyoosha mkono. "Nishike. Twende kwa Naomi."

"Mimi?"

"Nani mwingine atanishika?"

Kwa Naomi hapakuwa mbali, lakini walikwenda kwa muda mrefu. Prisca alisimama kila walipofika kwenye kivuli, mkono mmoja tumboni, mwingine umemkaza binti yake bega hadi likauma. Watu waliokuwa wanaanika mpunga kando ya njia waliacha kazi na kuwatazama. Prisca aliwasalimu mmoja mmoja kwa jina, akawangoja wamjibu, na wakijibu alisema, "Nipo na mwanangu," nao ikawabidi wamsalimu na Tusekile.

Naomi alikuwa uani kwake. Alipowaona alisimama wima, mikono ina majimaji. Alimtazama Prisca kuanzia usoni hadi miguuni, machozi yakamlenga. Kisha akamtazama Tusekile, na uso wake ukafungwa.

"Umetoka kitandani, Prisca. Unataka kidonda kifumuke?"

"Nimekukosa," Prisca alisema.

Naomi akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka kivulini, akakifuta kwa upande wa kanga yake. Kilikuwa kiti kimoja. Yeye akasimama pembeni yake, amempa Tusekile bega.

"Kaa," alisema.

Prisca hakukaa. Alisimama palepale mbele ya kiti, mkono begani mwa binti yake, anapumua kwa shida. Tusekile akamnong'oneza, "Mama, kaa, mimi nitakwenda kukungojea njiani." Prisca akamkaza zaidi.

"Tuko wawili, Naomi."

Jasho lilikuwa linamtiririka Prisca kwenye mashavu. Naomi alitazama miguu ya rafiki yake inavyotetemeka chini ya kanga, akatazama kile kiti, akafuta mikono yake. Halafu akageuka, akaingia ndani kutafuta kiti kingine.